Tangazo la Wiki ya Kumi na Moja

Uzio wa mbao ulipozungushwa uwanja wa kale wa Ibra
nilipewa ndoo ya gundi na sentensi moja ya baladia:
"Ukarabati unaendelea. Tunaomba radhi."
Kiarabu juu, Kiswahili chini, kwa waliozaliwa Unguja.
Nikaibandika Jumapili. Jumapili ya pili, ileile.
Ya tano, muuza halua akanidaka mkono:
"Hamduni, unaendelea kwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaingia ndani ya uzio.
Mawe yamelazwa kwa safu, kila moja na namba ya chokaa,
mia mbili na kumi na mbili, kimya,
kama watoto wa chuoni mwalimu akikohoa.
Mafundi wawili chini ya turubai wanakunywa kahawa,
wanangoja udongo uchomwe, upondwe, upoe.

Usiku ule niliandika kwa mkono wangu:
"Wiki hii hakuna kilichojengwa.
Saruji ya kale haina haraka.
Fundi Masudi anaumwa mgongo.
Jiwe la themanini na nane limevunjika.
Tumelivunja sisi."

Mkuu akaniita. Mambo ya ndani, akasema, hayaanikwi.
Nikamwambia: uwanja hauna ndani.
Akanitazama, akanitazama,
akaagiza chai.

Asubuhi, chini ya karatasi, penseli ya mtu:
"Fundi apowe."
Na msumarini kikopo cha mafuta ya habasoda.

Wiki ya kumi na moja:
"Tumekuta mfereji mkavu chini ya uwanja.
Hatujui ulikuwa ukienda wapi.
Anayejua aseme."

Bi Shinuna hajui kusoma; kila Jumapili namsomea.
Hii aliitaka mara mbili.
Kisha akaegemeza bakora mavumbini, akaanza kwenda,
mstari ukimfuata nyuma: akavuka barabara, gari zikasimama,
akapita kwa muuza halua, akakata kichochoro,
hadi mlangoni kwake, hadi jikoni.

"Hapa nilikuwa nikilazwa utotoni.
Nikisikia mto chini ya mto.
Wakaniambia naota.
Miaka sitini na tisa naambiwa naota."

Tangazo la kumi na mbili alilisema yeye,
mimi nilishika kalamu tu.
"Na jina langu weka," akasema. "Lote."
Nikaweka.
Shinuna binti Zahori bin Mhena.