Muhtasari wa Kikao, Ziwa Likiwa Halipo

Tarehe kumi na tisa, mwezi wa kumi.
Mahali: katikati ya ziwa.
Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo.
Tumeketi juu ya tope lililokauka likapasuka kama vigae,
na pale Meshaki alipolaza baiskeli yake
mwaka juzi maji yalimfika kifuani.

Waliohudhuria: kumi na mmoja. Akidi imetimia.
Wasiohudhuria: wawili, wamefuata vibarua mjini,
na Sulunga.

Ajenda ya kwanza ni ya Lechipya:
kikundi kivunjwe.
"Mnalinda nini?" Fimbo yake inachora duara vumbini.
"Mwaka huu hapa ni malisho, ng'ombe wangu ndio wanaopajua.
Ziwa limehama.
Aliyehama haachiwi mlango wazi."
Watu wakacheka. Nimeandika: watu wakacheka.
Sikuandika kwamba nami nilicheka.

Perisi, muuza kambare wa kukausha,
hakuomba nafasi ya kusema.
Alitwaa jembe, akafunga khanga kiunoni,
akachimba papo hapo mbele ya miguu yetu
mpaka mkono ukazama kwenye kiwiko.
Kambare hakuonekana.
Lilitoka tope bichi, jeusi, zito kama uji wa uwele,
akalibandika kwenye kiganja cha Lechipya.
"Nusa."
Akanusa.
Akanyamaza muda unaotosha treni ya mizigo
kuimaliza Bahi, behewa kwa behewa,
kisha akasema hoja yake anaiondoa,
ila ng'ombe wake hawaondoi.
Imekubaliwa. Ng'ombe wabaki hadi maji yarudi.

Ajenda ya pili: nyavu.
Zilizokamatwa msimu uliopita ni kokoro nne
na chandarua kimoja.

Chandarua ni cha Ndahani, mdogo wangu, tumbo moja.
Walikipewa zahanati mwanawe alipozaliwa.
Mtoto akalala na mbu,
wakalala chandaruani watoto wa perege.
Nilikikamata mwenyewe, usiku, kwa tochi ya simu,
na walikuwa wadogo, wadogo kama punje,
sufuria nzima isingetosha mboga ya nyumba moja
na ndani yake mlikuwa na mboga ya kijiji, ya mwaka wa kesho.
Tangu siku ile hanipi mbukwa.
Ananiita Katibu.
Mimi niliyembeba mgongoni surua ilipompofusha siku sita.

Alikuja leo. Si mjumbe.
Alisimama mbali, kwenye mstari wa matete makavu
ambapo zamani ulikuwa ukingo,
hakusogea, hakuondoka.
Hili si la muhtasari.

Uamuzi: kokoro zichomwe hadharani, risasi za nyavu ziuzwe,
fedha zinunue daftari jipya, maana hili limebaki kurasa tatu.
Chandarua kisichomwe.
Kifuliwe, kizibwe matundu, kirudi juu ya kitanda kilikotoka.
Atakayefua: katibu.
Maji ya kufulia: ndoo mbili za shilingi mia tano tano,
kutoka mfukoni mwa katibu.
Perisi alisema uzi anao.

Mengineyo.
Meshaki kapigiwa simu na shemeji yake wa Kondoa:
mawingu yamekusanyika, mvua bado.
Mto wetu wamewahi kuuita Bubu,
na hakuna kijiji kisichousikia ukishuka,
kwanza harufu, halafu vyura,
halafu usiku mmoja mtu anaamka kwenda haja
anakanyaga ziwa.

Mtoto wa Perisi aliuliza kama samaki wanajua tarehe.
Swali halikujibiwa. Limeahirishwa.

Kikao kijacho: mwezi wa kwanza, Jumamosi ya pili.
Mahali: papa hapa.
Wajumbe waje na mitumbwi.

Lechipya, akijipangusa kiganja kwenye suruali,
aliomba iongezwe: Mungu akipenda.

Imeongezwa.