Namba Sita

Meza yangu ina vitelezi kumi na viwili,
na chini ya kila kimoja kipande cha utepe
chenye mwandiko wa Drajiga, aliyenitangulia:
*uso*, *bega*, *pazia*, *usiguse*.
Kwenye sita ameandika *mwongo*.

Studio iko juu ya duka la saruji, hapa Arua mjini.
Ukutani tumepigilia magodoro yazuie kelele,
lakini lori likishusha mifuko huko chini
msoma habari hukohoa kabla vumbi halijapanda.
Dima zimo katika kabati la chuma mgongoni mwangu.
Mwanga ukiwa kamili, zimenyamaza.
Ukizimwa, zimenyamaza.
Ukiwa nusu ndipo zinavuma, kama nzi ndani ya chupa,
na sizilaumu:
kuwa nusu ni kazi.

Saa moja jioni mji unapochomeka pasi zake
taa zangu hugeuka rangi ya chai ya maziwa.
Nami huwapandisha wote, polepole,
kama anayemwinua mgonjwa ili amwekee mto,
na Ezaruku anaendelea kusoma bei ya tumbaku
asijue kwamba nimembeba.
Paji lake la uso ni bati jipya.
Hilo nalishusha kila siku, robo ya ukucha.

Jumanne wakamleta mama mmoja, shamba lake limeuzwa
na mtu asiyejua hata kisima kiko upande gani.
Alivaa kitambaa cha kijani, akakiuliza kiti kwanza
kwa kukibonyeza na kiganja, kisha akaketi.
"Mnifiche uso," akasema, akinitazama mimi,
si Ayikoru mwenye kipindi,
mimi.
Nani alimwambia kwamba giza linatengenezwa na mimi?

Nikawasha pazia nyuma yake.
Uso, sifuri. Bega, sifuri.
Sita, sifuri, nikakikandamiza hadi mwisho
na ndani ya balbu ukabaki uzi,
uzi mmoja mwekundu kama kaa lililosahauliwa jivuni.
Kwa macho yetu, si kitu.
Lakini kamera ilikuwa imefunguliwa jicho lote,
na kwenye skrini nikaona shavu, ukingo wa pua,
kovu dogo chini ya sikio
ambalo kijiji kizima lazima kinalifahamu.

"Dakika mbili," akasema Ayikoru. "Hataonekana."

Glavu Drajiga alikwenda nayo Kampala.
Nikapanda ngazi na kitambaa cha kupangusia meza,
kikavu, na plagi ilikuwa imeoka tangu mchana.
Nikaing'oa.
Harufu iliyotoka sikuijua mara moja;
ilikuwa mimi.

Akasema kwa dakika kumi na moja.
Alikuwa umbo jeusi tu, fundo la kitambaa kichwani,
akieleza jinsi mawe ya mpaka yalivyotembea usiku
na mbwa hawakubweka, kwa kuwa waliyahamisha watu wa nyumbani.
Kidole gumba nilikiweka kwenye chupa ya soda baridi.
Dima zikavuma.
Na alipofika kwa jina la shemeji yake
mikono ikamtoka mapajani, ikapanda,
ikakata mwanga wa pazia vipande vipande,
ikipima shamba hewani, huku mhogo, huku kaburi la mume,
mikono ambayo aliyelima kando yake miaka ishirini
angeitambua hata ndani ya gunia.

Mikono sikuifikiria.
Hakuna kitelezi cha mikono.

Baadaye, ngazini, akanishika kiwiko.
"Nilionekana?"
Lori lilikuwa linashusha mifuko.
Nikasema hapana.
Akashukuru kwa Kilugbara, mara mbili, akashuka
akishika ukuta, vumbi la saruji likimpokea miguuni.

Nikarudi mezani; hali ya hewa ilikuwa inafuata.
Nikachomeka sita tena.
Utepe wake umebanduka ncha siku hizi.
Nikaubana kwa kidole kile kile,
nikaubana muda mrefu,
kisha nikampa Ezaruku uso wake.