Shamba la Gramu Moja

Mama alinifungia pumba za mpunga katika mfuko wa karatasi,
akanipandisha basi la alfajiri kwenda Rasht.
"Mwambie mwalimu wako," akasema, "hizi kwetu tunamwagia kuku."
Mvua ilikuwa ikinyesha. Rasht mvua haina haja ya kutajwa,
ila naitaja kwa kuwa mfuko ulilowa, ukapasuka,
nikaingia maabara nimekumbatia pumba kifuani
kama mtu aliyekosea mlango.

Niliziosha kwa asidi, nikazichoma.
Zilitoka nyeupe pe,
majivu ambayo chafya moja ingeyamaliza.
Hiyo ndiyo silika: kile ambacho mpunga
huufyonza matopeni polepole,
ukajivika ukali unaowasha shingo za wavunaji.

Soda kali ikaiyeyusha.
Kisha sabuni.

Sabuni hii kila chembe ina kichwa na mkia.
Kichwa hupenda maji, mkia huyakimbia,
basi mikia hujificha ndani, imegusana,
vichwa vikabaki nje kulinda zamu.
Hivyo huzaliwa fito,
na fito zikizidi hubanana, sita kuizunguka moja,
bila kamba,
bila fundi wa kupiga mbinja.
Silika huja ikazikandika.
Siku mbili ndani ya chupa ya chuma, nyuzi mia moja.
Halafu unachoma fito, nyumba ibaki.

Hapo ndipo niliposhindwa.
Nilikuwa na haraka, nikapandisha moto kwa pupa;
kuta zikalala, matundu yakafa,
na mashine ya eksirei ikanichorea mstari
bapa kama meza.
Mara ya pili vilevile.
Kiumars, mtunza tanuri, alifuta miwani kwa ncha ya shati.
"Digrii moja kwa dakika," akasema.
"Unahamisha wapangaji, binti, hubomoi."
Akaniachia birika lake la chai akaenda kulala.

Dakika mia tano na zaidi nilihesabu.

Kulipokucha, kilele kimoja kirefu,
na viwili vidogo nyuma yake, vyenye haya.
Sega. Sega la nyuki wasiokuwepo,
matundu ya nanomita tatu,
elfu ishirini na zaidi katika upana wa unywele.
Na jambo hili bado linaninyima usingizi:
kuta zenyewe ni vurugu, kama kioo,
chembe zake hazijui safu wala foleni.
Kilichopangwa ni tundu.
Utaratibu wote umekaa pale pasipo kitu.

Nilipopima, gramu moja ilikuwa na uso
wa mita elfu moja za mraba.
Niliusoma mara mbili ule mkanda wa karatasi.
Mita elfu moja: naijua namba hiyo.
Ni kipande chetu cha chini, cha kando ya mfereji,
alichokiuza baba mwaka wa figo zake.
Sasa kina jumba la watu wa Tehrani,
bwawa la kuogelea lenye vigae vya samawati,
na mbwa anayembwekea mama akipita.

Nikampelekea gramu hiyo katika karatasi iliyokunjwa.
Aliimimina kiganjani, akaisogeza kwa kucha.
"Hili ndilo shamba?"
"Ndilo. Limekunjwa."
"Na utapanda nini humo?"
Nikamweleza: maji machafu ya kiwanda cha ngozi
yatapita humo, risasi itakwama,
maji yatoke yanayoweza kumwagiliwa.
Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.
Akaikunja karatasi mara nne,
akaiweka kwenye mkebe wa hati,
ile hati isiyo na kazi tena,
akatoka kuwapa kuku chakula.

Asubuhi nilikuta mfuko mwingine wa pumba mlangoni.
Safari hii wa nailoni,
umefungwa fundo mbili.