Hakuna Tukio

Kazi yangu ni kulinda jua.
Usicheke. Barua ya ajira ninayo, ina mhuri,
ina tarehe ya kuanza, ya kwisha haina:
hekari mia mbili na kumi, Mwasonga, Kigamboni.
Upande wa barabara kuna seng'enge mistari minne,
upande wa mikorosho hakuna kitu, ni heshima ya watu tu.

Bango linasema ENEO LIMETENGWA
KWA MRADI WA NISHATI SAFI.
HAIRUHUSIWI KULIMA, KUCHUNGA, KUZIKA.
Aliyeongeza hilo neno la mwisho
lazima alifika hapa siku ya msiba.

Mwaka wa nne sasa. Vioo havijaja.
Jua ndilo haliulizi mkataba;
linazunguka eneo lote peke yake
kama mgeni aliyewahi kabla ya wenye shughuli.

Naandika kwenye kitabu cha zamu:
Saa 12 asubuhi. Nimepokea lindo. Hakuna tukio.
Saa 6 mchana. Mbuzi watatu wa Mkinga. Nimewafukuza.
Saa 6 na robo. Mbuzi wale wale.

Sipingi umeme. Niliseme hilo kabla sijasahau.
Binti yangu alisoma hadi kidato cha nne kwa koroboi,
akipenga kamasi nyeusi. Simu yangu
naichaji dukani kwa shilingi mia tatu,
na usiku nikitazama ng'ambo ya maji
naona mji mzima umewashwa, hadi vyooni.

Kila Ijumaa, baada ya sala, anakuja Bi Sikujua.
Ndilo jina lake. Alipewa na bibi yake,
na sababu, anasema, hakuambiwa.
Siku ya fidia karani alimwuliza mara tatu:
"Mama, jina?"
"Sikujua."
"Hukujua nini?"
Ukumbi ukacheka. Akaweka dole gumba.
Minazi kumi na saba. Mikorosho sita. Choo cha shimo.
Kaburi moja, kuhamisha: laki tatu.
Pesa ya minazi aliichukua. Kaburi halijahama.

Anapita upande usio na waya,
ananikaribisha kana kwamba mgeni ni mimi,
anapiga magoti, anang'oa magugu,
anamsimulia marehemu habari za wiki:
nani kaoa, nani kauza bati.
Mimi nageuka, natazama barabara.
Saa 8 mchana. Hakuna tukio.

Ijumaa iliyopita walikuja vijana wawili wenye kofia nyeupe
na kijidude cha kioo juu ya miguu mitatu.
Wanapima jua, walisema. Watalipima mwaka mzima,
lisije likawa pungufu.
Bi Sikujua akasimama, udongo magotini.
"Mngeuliza mgongo wangu," alisema,
"una vipimo vya miaka arobaini, na hauli betri."

Mmoja akafungua ramani.
Safu ya tisa, mama, inapita hapa.
Hapo ni kichwani pa Kibwana, mumewe.

Nilishika rungu, sijui kwa ajili ya nani.

Yeye akauliza moja tu:
hivyo vioo, chini yake kunakuwa na kivuli?
"Kipo, mama. Cha kutosha."
Akalitazama kaburi, muda.
"Basi mwacheni alale. Pitisheni juu yake.
Alivunja kokoto Kunduchi miaka ishirini na miwili,
hakuna siku aliyorudi bila kulitukana jua.
Ataona hiyo ndiyo fidia."

Vijana wakatazamana. Fomu yao haikuwa na mstari
wa jambo kama hilo.
Wakaandika pembeni, kwa penseli.

Jioni nilifungua kitabu, nikaandika saa,
kisha nikakaa sana na kalamu mkononi.
Wageni wawili. Chombo kimoja. Mjane mmoja.
Jua limeondoka likiwa zima,
halikuibiwa, halikupungua.
Nimekabidhi lindo.