Zamu

Mwachiro, kiti hiki kinaegea kushoto. Kiache hivyo.
Pampu ya tatu ikikohoa usiandike ripoti,
hukohoa kila saa nane ya usiku, kisha hunyamaza.
Hayo ndiyo ya kazi. Mengine utayasoma ukutani.

Sasa washa ile kompyuta kuukuu chini ya meza.
Mna nyota mia na ishirini humo,
arubaini zangu, hamsini za Zeyana wa zamu ya mchana,
zilizobaki hazina mwenyewe, au ndivyo tunavyodhani.
Yeye hucheza mara moja kabla ya adhuhuri,
mimi mara moja kabla ya alfajiri.
Mwaka na miezi miwili. Kesho nahamia Sur,
na dola haiingii sandukuni.
Chukua.

Usicheke. Nami nilicheka,
nikapoteza sayari sita wiki ya kwanza.

Tanguliza jicho, mkono ufuate.
Kile chombo kidogo kisicho na mzinga,
bei yake kama kikombe cha karaki,
kitume mbali, hata kikipotelea huko.
Mwenye jeshi asiye na macho hupigana na giza,
na giza halina haraka.

La pili... hapana, sihesabu, hii si karatasi ya dukani.

Sayari mpya huja na mdomo kabla ya mikono.
Zamu kumi utailisha wewe,
ya kumi na moja ndipo ifikirie kukulisha.
Mimi nilitawanya watu kama amwagaye mchele,
hazina ikasoma sifuri,
manowari zangu zikasimama katikati ya mbingu
kama magari yaliyokatikiwa petroli
njia ya Nizwa, Agosti, saa saba mchana.

Tazama nyota ile yenye njia tano. Jenga ngome hapo.
Unakumbuka? Hukuwepo. Mwezi ule wa konyeza,
walijaa kwenye chujio la mlango wa bahari,
laini, wepesi, hata mifupa hawana,
mtambo mzima ukazimika
na Barka yote ikatawadha kwa maji ya chupa.
Hawakuwa na silaha.
Walikaa tu mahali panapobana.

Wanasayansi wako watakuomba mizinga. Wanyime.
Wape kilimo kwanza, na injini.
Mzinga mkubwa huchakaa kabla deni lake halijaisha.

Hifadhi mchezo kabla ya vita,
lakini usirudi nyuma kila unapopigwa.
Zeyana atajua. Hasemi neno,
ila asubuhi utakuta kaimati moja kwenye sahani
badala ya tatu.

Na kubwa kuliko yote: hapa hakuna saa inayokukimbiza.
Nenda kasome geji, sali, rudi,
utamkuta adui bado kasimama, mguu hewani.
Wageni hubonyeza "maliza zamu" kama wanaofukuza nzi.
Wewe zunguka nyumba yako yote kwanza,
nani ana njaa, nani hana kazi, mlango gani uko wazi,
ndipo ubonyeze.

Mlango mmoja nimeuacha wazi. Ujue.
Kule pembeni, kulia, kuna kisayari cha buluu,
hakina madini, hakina hewa ya maana.
Nilikipa jina la mama, Ruzuna, wiki tuliyomzika.
Kila hesabu ya mchezo huu inasema kiache, ni hasara.
Zeyana ana manowari tisa, hatua mbili kutoka hapo,
na zamu tisini zimepita
hajakigusa.
Sijamuuliza. Nikimuuliza atalazimika kukichukua.

Hilo sina namna ya kukufundisha.
Ukitaka kukiuza, kiuze, dola ni yako.

Saa kumi na moja kasoro. Basi la kambini limefika getini,
na ya leo sijacheza.
Kaa. Taratibu, kinaegea.
Zamu yako.