Kizuiani

Duka la Fikirini ni kabati la kioo tu,
Mtaa wa Aggrey, kati ya muuza vitenge
na mlango ambao sijapata kuuona umefunguliwa.
Nilimpa simu, ile ninayowaachia watoto
nikienda zamu ya usiku.
Nikasema, nitilie chujio.

Akasema, mama, yako matatu.
Hili la bure, ila lina matangazo yake,
na hayo matangazo, akakuna shingo,
ni ya kamari na mengineyo.
Hili elfu nane kwa mwezi, linaziba, halisemi.
La tatu linaziba na kuandika:
asubuhi unakuta orodha
ya kila mlango waliobisha.

Nikachukua la tatu.
Nani hataki kujua nani kabisha?

Tatizo, akasema, limezaliwa ng'ambo.
Matusi ya kwao linayajua yote,
ya kwetu halina habari. Nitajie.

Jamani.
Miaka thelathini na tisa nimeuchunga mdomo huu,
hata leba, mara mbili, haikunitoa tusi,
leo nimtajie kijana wa umri wa kitinda mimba wetu?
Nikaomba kalamu.
Nikaandika nyuma ya risiti ya luku, herufi ndogondogo,
mkono nimeukinga kama mtahiniwa.
Kwenye neno la kumi na moja nikajishangaa:
kumbe nayajua hivi.
Yeye akachapa moja moja, uso mkavu kama karani wa mahakama.
Mawili akanisahihishia tahajia.

Nikirudi Mbagala nilicheka peke yangu:
nakaa Kizuiani, na leo nimenunua kizuizi.

Mama yangu hakuwa na chujio la kulipia.
Wakubwa wakianza jambo, alisema,
Zuwena, kanunue chumvi.
Nikaenda. Na kopo limejaa.
Nyumba yetu ilikuwa na chumvi ya kukaushia papa mzima.
Ndivyo kilivyonipita kifo cha baba mdogo,
na mimba ya dada, na siku waliyokuja kupima nyumba;
vyote vilipita niko dukani,
sarafu imenilowa kiganjani.

Wiki ya kwanza orodha ilinichekesha.
Hamduni kazuiwa mchezo wa magari mara kumi na nne.
Siwatu kazuiwa Sayansi, darasa la sita, balehe.
Nikampigia Fikirini.
Akasema, halina akili hilo, mama, lina matundu tu.

Alhamisi nikarudi alfajiri,
kanga bado inanuka vumbi la ghala.
Nikafungua orodha nimesimama, kiatu kimoja mguuni.

Saa tatu na dakika tano: uvimbe kwenye titi. Limezuiwa.
Saa tatu na dakika nane: mama ana uvimbe kwenye titi. Limezuiwa.
Saa tatu na robo: mtu akipewa barua ya kwenda Ocean Road anapona.
Limeruhusiwa. Hakuna majibu.
Saa nne kasoro: jinsi ya kusonga ugali wa watu watatu.
Limeruhusiwa.

Barua ile niliifukia ndani ya ndoo ya mchele.
Sikufikiri kwamba siku hizi ni yeye anayepima mchele.
Na neno titi ni mwandiko wangu,
la nne kutoka juu, nyuma ya risiti ya luku.

Chandarua kilikuwa kimechomekwa pande zote, vizuri,
kama nilivyomfundisha.
Hamduni kamwaga mkono nje ya godoro.
Siwatu anapumua polepole mno.
Huo usingizi naujua, nimewahi kuulala.

Mdomo ukanijia wenyewe: mtume.
Mtume popote, duka la Mangi linafungua saa kumi na mbili.
Nikatazama kabatini. Kopo la chumvi liko palepale,
limejaa hadi kwenye kifuniko.

Nikavua kiatu cha pili.
Nikainua chandarua.
Sogea, nikasema.