Neno Linaloishia Puani

Zeinegul hulitamka mara moja tu:
ting',
kwa ng' ya ng'ombe, sauti ikibaki puani
kama harufu ya sufu iliyonyeshewa.
Halafu ananisukumia siagi. Nile kwanza.

Ni ardhi, anasema, ambayo jembe halijaingia.
Nami kwa haraka ya mwenye kalamu naandika: bikira.
Anaweka miwani, anaulizia maana ya neno langu.
Namweleza.
Anacheka mpaka meno yote matatu ya dhahabu yanatoka.
"Maskini ardhi yenu! Ikikosea siku moja, basi?"

Farasi wa marehemu Bekbolat
alirudi Novemba mbavu zikihesabika.
Akafunguliwa, akaachwa, hakupandwa na mtu;
Aprili akatoka zizini akiuma upepo.
Huyo naye ni ting'.
Wazo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema mkutanoni, ting'.
Na gunia la mbolea pale mlangoni,
ambalo siku hizi wanafutia viatu,
limeandikwa neno hilohilo, limeongezwa mkia.
"Mbolea?" nasema.
"Mbolea. Usiniulize mimi, waulize walioshona gunia."

Mwaka wa hamsini na nne alikuwa na miaka tisa.
Treni zilishusha vijana wenye magitaa na mahema,
trekta zikapangwa kuelekea mto Esil hadi macho yakachoka,
na neno likapakwa rangi nyekundu juu ya kitambaa,
likaning'inizwa stesheni.
Baba yake, Orynbasar, alishika usukani wa trekta ya tatu.
Alipewa saa ya mkononi. Alilala nayo.
Bibi alitoka usiku kuutazama mfuo wa kwanza,
mweusi, unaong'aa kama una mafuta,
akarudi ndani akasema: wameichuna.

Mkate ulikuwa mtamu.
Zeinegul hafichi hilo, mkate ulikuwa mtamu.
Baadaye upepo ukaja kuudai udongo,
wakapika wamejifunga vitambaa usoni
na supu ikaliwa na mchanga wake.

Trekta zilipinda mahali pamoja tu:
makaburini.
Ndiyo maana nyasi za zamani, zile zenye manyoya meupe,
zimebaki kwa babu zake,
na anayetaka kujua nyika ilikuwaje
hana budi kuwapigia hodi wafu.

Lakini kuna shamba la nne.
Ushirika ulipokufa halikurithiwa.
Likaota magugu, likaota pakanga,
likanuka uchungu miaka kumi na kitu.
Mwaka jana, ukingoni, aliona unyoya mmoja.
Hakuuchuma. Hakumwambia mtu ila ng'ombe.
"Kwa hiyo limekuwa ting' tena?"
Anatikisa kichwa: bado.
Kuna kitenzi, anasema, cha kitu kilicho njiani.
Anakitamka polepole, ananitazama midomo
kama mtu anayemfundisha mtoto kupuliza moto.

Nimefuta bikira.
Nimeandika mbichi, nikafuta. Nikaandika zima,
likakaa kidogo, nalo nikalifuta.
Karatasi imechimbika.
Siagi imeyeyuka.

"Na yule farasi," nauliza, "alipandwa tena lini?"
"Aprili hiyohiyo," anasema Zeinegul,
anakung'uta makombo mapajani.
"Ulidhani alipumzishwa ili iwe nini?"